Seva Isiyo na Chumba: Mkongo, Mashine Pepe na Makazi ya Kumbukumbu Katika Mwambao wa Tanga

Historia ya mifumo endeshi ya seva kwa kawaida huandikwa kwa kufuata tarehe za matoleo yake. Kwa mwambao wa kaskazini mwa Tanzania, kuanzia Pangani hadi Horohoro, kalenda hiyo haitoshi. Insha hii inajenga hoja kwamba katika eneo hilo uwezo mpya wa seva ulipata maana kamili pale tu njia ya mawasiliano ilipofika, na kwamba mpangilio wa njia hiyo uliathiri sana suala la wapi kumbukumbu za wakazi zihifadhiwe.

Mwaka 1974 wanasayansi wa Marekani, Gerald Popek na Robert Goldberg, walichapisha masharti ambayo kompyuta hupaswa kuyatimiza ili iweze kubeba mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Mwaka huohuo Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, miaka tisa baada ya kompyuta yake ya kwanza kufungwa katika Wizara ya Fedha. Marufuku hayo yalilegezwa baadaye, na mwaka 2003 ikatolewa Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano.

Wakati huo wazo la mashine pepe lilikuwa likihama kutoka kwenye kompyuta kubwa za IBM kwenda kwenye seva za bei nafuu. Mwaka 2007 KVM iliingizwa katika kiini cha Linux; mwaka 2008 Microsoft ilitoa Hyper-V. Toleo la Windows Server 2012 liliunganisha nyanja tatu. Kwa upande wa mashine pepe, mabadiliko yaliyotokea katika seva moja yaliweza kunakiliwa kwenye seva ya mji mwingine kila baada ya dakika tano. Kwa upande wa hifadhi, diski za kawaida ziliweza kukusanywa na kutumiwa kama ghala moja, ili diski moja ikifa data isipotee. Kwa upande wa mtandao, kadi kadhaa za mtandao ziliweza kufanya kazi kama kadi moja. Kwa pamoja, nyanja hizo ziliitenga seva na chumba chake: kazi ile ile iliweza kufanyika Tanga, Dar es Salaam au kwingineko.

Hata hivyo, seva isiyofungwa na chumba hufungwa na waya. Mikongo ya baharini ya SEACOM (2009) na EASSy (2010) ilitua Dar es Salaam na Mombasa; TEAMS (2009) ilitua Mombasa. Tanga ilibaki katikati ya vituo hivyo. Huduma ilifika kwa nchi kavu kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na ambao huungana na Kenya katika mpaka wa Horohoro. Hapa pana mgeuko wa kihistoria. Mwaka 1893 reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga kuelekea bara. Bandari ilikuwa chanzo. Katika zama za mkongo, mji huo ukawa mahali pa kupitia.

Ukusanyaji wa data katika kituo kimoja cha kitaifa una hoja nzito. Chumba cha seva huhitaji umeme wa uhakika, ubaridi wa kudumu na mafundi. Joto na hewa ya chumvi ya pwani huongeza gharama. Ni ghali kuitaka kila wilaya ijitegemee. Lakini hoja hiyo inahusu mahali pa seva kuu, haihusu idadi ya nakala. Teknolojia iliyowezesha data kuhamia Dar es Salaam ndiyo hiyohiyo iliyowezesha nakala yake kubaki Tanga. Kuchagua lipi lifanyike ni uamuzi wa kiutawala.

Uzito wa uamuzi huo ulidhihirika tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Njia zilizoathirika ni za kwenda nje; data iliyohifadhiwa nchini kimsingi iliweza kufikiwa kwa mkongo wa ndani. Kanuni hiyo haiishii mpakani mwa taifa. Mgonjwa aliyeko Muheza, ambaye faili lake liko umbali wa mamia ya kilomita, hutegemea kila kipande cha waya kilichopo kati yake na faili hilo.

Kwa hiyo, utafiti wa historia ya teknolojia katika mwambao huu haupaswi kuishia kwenye swali la lini mfumo fulani ulifungwa. Unapaswa kuuliza pia nakala ziliwekwa wapi, kwa uamuzi wa nani, na nani aliendelea kuhudumiwa waya ulipokatika.