Kolwezi: marufuku, kampuni na lutuku

Bangi ilipigwa marufuku Kongo mwaka 1903, kwa amri ya serikali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mji wa Kolwezi, wa migodi ya Katanga kusini mwa nchi, ulikuwa bado haujazaliwa. Huko Kasai, ambako baadaye migodi ya Katanga ilichota wafanyakazi wengi, chifu Kalamba Mukenge alikuwa ameifanya bangi kuwa ibada ya watu wazima waliokubaliana kuishi kwa amani. Amri haikujali hayo. Iliweka adhabu, basi.

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga. Tangu 1928 kampuni hiyo ilikuwa imeacha kutegemea vijana wa mikataba mifupi. Ilitaka mfanyakazi aje na mkewe, azae, akae. Kambini palikuwa na posho ya unga, zahanati, shule ya mapadri na kiwanja cha mpira. Palikuwa pia na mkuu wa kambi aliyejua nani kalala wapi na nani kalewa. Yalikuwa malezi ya bwana kwa mtwana, nami sina hamu ya kuyasifu. Lakini mtoto wa miaka 14 alikuwa na pa kwenda asubuhi na pa kwenda jioni.

Gécamines, kampuni ya serikali, ilirithi migodi ilipotaifishwa mwaka 1967, ikarithi na mtindo huo. Mwaka 1986 ilitoa tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka uliofuata ukaja uporaji, kisha mnamo 1992 na 1993 Wakasai wakafukuzwa Katanga, wakiwamo mafundi na walimu wasiohesabika. Kufikia 1994 shaba haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikakatika kwa miaka. Kuanzia 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa malipo ya mkupuo, kwa fedha za Benki ya Dunia, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, mtu akiwa hajalipwa miezi mingi?

Baba alibaki nyumbani, mwana akaenda machimboni. Sheria ya madini ya 2002 iliruhusu uchimbaji wa mkono kwa watu wazima tu, lakini mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kuwa watoto wapatao 40,000 wanafanya kazi migodini kusini mwa nchi. Mwaka huohuo kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na watu wakachimba mashimo hadi sebuleni.

Humo machimboni lutuku ilipata wateja wapya. Ni pombe kali ya mahindi au mihogo, na akina mama wengi huipika ili wapate karo. Senti zinazompeleka mtoto mmoja shuleni hutoka kwa mtoto wa jirani. Shimoni kuna joto, hewa ni haba, na udongo haushikiliwi na nguzo. Mchimbaji hupiga funda au huvuta bangi kabla ya kushuka ili woga umtoke. Kijana anaiga. Baadaye mwili unadai hata siku isiyo ya kazi.

Mwaka 2012 watawa wa Mchungaji Mwema walianza kazi Kolwezi, wakiongozwa na Sista Catherine Mutindi kutoka Kenya. Waliwapa watoto wa machimbo masomo ya kufidia na chakula, na mama zao ufundi na kilimo. Mwaka 2019 sista huyo alipewa tuzo ya Opus. Hakufungua kituo cha tiba ya ulevi. Alirudisha pa kwenda asubuhi, safari hii bila mkuu wa kambi. Kwa maoni yangu, kinga ya kijana ambaye hajaonja inaanzia hapo.

Aliyekwisha kunaswa anahitaji zaidi. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, lakini dawa hiyo ni ya waraibu wa heroini, haimsaidii mnywaji wa lutuku. Huyu, akikatishwa pombe ghafla baada ya kuizoea muda mrefu, anaweza kupata degedege na hata kufa. Ukiwa na kijana anayetetemeka asubuhi mpaka anywe, usimfungie chumbani wala usimkimbizie polisi. Mpeleke hospitali, umwambie mganga ukweli wote, na akitoka awe na shule au kazi inayomngojea.