Masanamu ya gorila: namna kazi ya mikono inavyosaidia Kahuzi-Biega

Mgeni anayetoka Tshivanga, kwenye makao ya mbuga ya Kahuzi-Biega, kilometa kama 30 hivi kutoka Bukavu, mara nyingi anatafuta kitu cha kupeleka nyumbani. Sanamu ndogo ya gorila ya mbao inamfaa: haiko nzito, na haiharibike njiani. Wengine hawajue kama kati ya waliofundishwa kuchonga masanamu hayo kuna watu ambao zamani walikuwa wanatega mitego mule mule msituni.

Mbuga, ama parke kama wengi wanavyosema, ilianzishwa mwaka 1970 kwa juhudi ya Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyezoeza gorila kuona watu bila kukimbia. Mwaka 1975 ilipanuliwa mpaka karibu hektari 600,000, na mwaka 1980 UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa dunia. Gorila wa Grauer, aliye mkubwa kuliko gorila wengine wote, haishi kwingine porini isipokuwa mashariki ya Kongo. Njo maana watalii walikuwa wanatoka mbali kumuona, na waliowaongoza msituni walipata matabishi kidogo.

Mmoja wa wale waongozaji ni John Kahekwa, aliyeanza kazi kwenye mbuga miaka ya 80. Feza ya matabishi hakuila yote. Alichapisha tisheti zenye picha ya gorila, akaziuza kwa wageni, na faida ikawa mbegu ya shirika lililoanzishwa mwaka 1992: Pole Pole Foundation, linalojulikana zaidi kwa jina la POPOF. Kwa hiyo, hata kabla ya masanamu, picha kwenye kitambaa ilikuwa imeshaingiza feza ya kulinda wanyama.

Mwaka 1993 wawindaji haramu wakaua Maheshe. Huyo alikuwa dume kubwa lenye mgongo wa rangi ya feza, lililojulikana kuliko mengine yote, na watu wengi wanasema ndilo lililochorwa kwenye noti ya zaire 50,000. Baada ya kifo hicho, Kahekwa alienda kuongea na wawindaji wenyewe. Jibu lilikuwa lile kila mutu wa Kabare analijua: nyumbani hakuna chakula, na tumbo tupu haina masikio. Ndipo POPOF ikaanza kufundisha wawindaji kuchonga mbao, na wanawake wao kushona. Aliyetoa mtego alipata patasi, na masanamu yakauzwa kwa watalii.

Kwingine ulimwenguni njia ni tofauti. Mchoraji Mwingereza David Shepherd, aliyependa sana kuchora tembo na chui-milia, aliuza nakala za mchoro wake mmoja mwaka 1973 na kupata pauni 127,000 kwa kulinda chui-milia wa India. Hesabu kubwa, mchoro mmoja tu! Lakini ile feza inakusanywa mbali, inatumwa kwa wakubwa, na mwindaji wa kijijini anaisikia kama habari tu. Kwa sanamu ya Miti ama Bukavu, anayelipwa ni yule yule aliyekuwa anaingia msituni na mbwa wake. Ni feza kidogo, lakini inafika pale tatizo linapozaliwa.

Ubaya wake ni kwamba inategemea mgeni. Vita vya 1996 na 1998 vilipofika, watalii walikwisha na soko la masanamu likafa. Mwaka 1997 UNESCO iliiweka mbuga kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Katika sehemu ya milimani, gorila walikuwa karibu 250 kabla ya vita. Hesabu ya mwaka 2000 ilikuta kama 130. Tembo wa huko milimani waliuawa karibu wote. Upande wa bonde, coltan ilivuta wachimbaji maelfu, na walikula nyama ya pori. Patasi bila mnunuzi haiwezi kushinda njaa ya namna hiyo.

Njia moja ya kukwepa shida hiyo ni kuuza mbali. Huko Japani, ambako mtafiti Juichi Yamagiwa wa Kyoto amekuwa rafiki wa POPOF tangu zamani, kundi la wanaoisaidia limeuza kadi na vitu vingine vyenye michoro ya msanii wa Kongo. Mnunuzi wa Kyoto hahitaji kupanda ndege, na barabara ya Bukavu ikifungwa, yeye anaweza kununua bado.

Kuna jambo lingine ambalo sanamu haiwezi kulimaliza. Watwa, ambao wengi hapa wanawaita Bambuti, walifukuzwa msituni mbuga ilipoanzishwa na kupanuliwa, bila mashamba ya kuwafaa. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, uliotangazwa mwaka 2024, ulisema kama serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Kazi ya kuchonga inaweza kumpa kijana Mtwa kipato cha wiki. Udongo wa babu yake haumrudishii, na si vizuri kuchanganya hayo mawili.

Halafu kuna swali la mbao. Mchongaji anahitaji mti, na mwenye kupika anahitaji makala, na mlima wa karibu ni ule wa mbuga. Kwa hiyo POPOF ilianza pepinieri za miti na kugawa miche kwa wakaaji wa vijiji vya pembeni, wapande kwenye mashamba yao wenyewe. Mwaka 2021 shirika hilo lilikuwa kati ya walioteuliwa kwa fainali ya tuzo ya Earthshot ya Mwana wa Mfalme William wa Uingereza. Tuzo ya kundi lao ilienda Costa Rica. Miche iliendelea kugawiwa.