Usalama wa samaki katika vyombo vidogo vya uvuvi

Usalama wa samaki katika vyombo vidogo vya uvuvi ni jumla ya kanuni na taratibu zinazolenga kumfikisha samaki nchi kavu akiwa hajaoza wala kuchafuliwa. Vyombo vidogo hapa ni mitumbwi, ngalawa, mashua na boti zisizo na chumba cha baridi, ambavyo kwa kawaida hurudi ndani ya siku moja. Nchini Tanzania sehemu kubwa ya samaki huvuliwa na vyombo vya namna hii, katika Bahari ya Hindi, maziwa makuu ya Viktoria, Tanganyika na Nyasa, na pia maziwa madogo kama Eyasi, lililoko kusini-magharibi mwa Karatu.

Ukaguzi mwingi humkuta samaki akiwa tayari mwaloni au kiwandani, ilhali saa zinazoamua hatima yake zimeshapita chomboni. Samaki aliyeanza kuoza harudi kuwa mzima. Barafu ya kiwandani huchelewesha uozo, haiufuti.

Kwa nini samaki huharibika upesi

Nyama ya samaki aliye hai na mwenye afya haina bakteria. Bakteria wako kwenye ute wa ngozi, kwenye matamvua na ndani ya utumbo. Samaki akifa, kinga ya mwili hukoma na bakteria hao huanza kupenya, huku vimeng'enya vya utumbo wake mwenyewe vikianza kumeng'enya tumbo kutoka ndani. Kazi zote mbili huenda kasi kadiri joto linavyopanda. Katika joto la sentigredi 30 samaki anaweza kuwa hafai kuliwa ndani ya muda wa saa 12 hivi. Samaki huyohuyo akizikwa vizuri kwenye barafu hudumu wiki mbili au zaidi.

Kwa wavuvi wa baharini kuna hatari nyingine isiyoonekana, nayo ni histamini. Jodari, vibua na baadhi ya dagaa wa baharini wana kiasi kikubwa cha histidini katika nyama yao. Wakiachwa juani, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini. Mlaji hupata wekundu usoni, maumivu ya kichwa, kuwashwa, moyo kwenda mbio na wakati mwingine kuhara, mara nyingi ndani ya saa moja tu baada ya kula. Watu wengi hudhani ni mzio. Histamini haiharibiwi kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha, na samaki mwenye nayo anaweza kuonekana na kunukia vizuri kabisa. Viwango vya Codex Alimentarius, vinavyoandaliwa chini ya FAO na WHO, vinataka isizidi miligramu 200 kwa kila kilo ya samaki. Hakuna mpishi wa kurekebisha kosa hili. Kinga yake ni kumpoza samaki mara anapotoka majini.

Barafu

Kanuni ya kwanza ni barafu, na swali la mvuvi huwa ni kiasi gani. Hesabu yake ni rahisi hata kwa mwanafunzi wa sekondari. Kilo moja ya samaki huhitaji kuondolewa takriban kilojuli 3.6 ili ishuke sentigredi moja. Kutoka 30 hadi 0 ni kilojuli 108. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka hunyonya kilojuli 334. Kwa hiyo kilo 100 za samaki hula karibu kilo 32 za barafu kwa kupozwa tu, kabla ya kuhesabu joto la hewa, la jua na la mbao za chombo. Ndiyo maana ushauri wa kawaida katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Anayebeba nusu ya hapo kwa kubana matumizi anaweza kujikuta mchana na sanduku la maji lenye samaki ndani yake.

Barafu huwekwa chini, kisha samaki, kisha barafu tena, na sanduku liwe na tundu la kutolea maji. Vipande vivunjwe vidogo, kwani mabonge huchubua nyama. Sanduku si lazima liwe la gharama: jokofu bovu lililotolewa mashine hutumika katika mialo mingi. Barafu yenyewe itengenezwe kwa maji ya kunywa, kwa sababu bakteria wengi huvumilia kuganda.

Usafi wa chombo na kazi ya kupasua samaki

Samaki hatakiwi kulala sakafuni mwa mtumbwi, ambako maji ya ngama hukusanyika pamoja na mafuta ya injini, tope la miguu na damu ya jana. Huwekwa juu ya ubao ulioinuliwa au ndani ya kreti, mbali na dumu la petroli. Mbao hunyonya ute, hivyo chombo husuguliwa kila baada ya safari, kabla uchafu haujakauka. Samaki hakanyagwi wala kutupwa: palipopondeka ndipo huanza kuoza.

Kupasua samaki chomboni kuna faida na hasara. Utumbo ukitolewa mapema, chanzo kikubwa cha uozo kimeondoka. Lakini kisu kichafu na maji machafu huingiza bakteria mahali ambapo hawakuwapo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 853 ya mwaka 2004 inataka samaki akipasuliwa aoshwe mara moja kwa maji safi, na inakubali kwamba pasipo uwezekano wa kupoza, samaki ashushwe nchi kavu haraka iwezekanavyo. Kwa mtumbwi wenye barafu lakini usio na maji safi, ni afadhali samaki abaki mzima. Maji ya ufukweni, mahali watu wanapooga na kujisaidia, hayafai kuoshea. Ya katikati ya ziwa ni bora zaidi. Mvuvi mwenye kuhara hapaswi kushika samaki, ingawa hili ni gumu kwa mtu anayelipwa kwa safari.

Marufuku za Ulaya, 1997–2000

Ziwa Viktoria lilionja gharama ya kupuuza mambo haya. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilizuia sangara kutoka ziwa hilo kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Desemba mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, hadi Juni 1998. FAO na WHO zilieleza kuwa hatari ya kipindupindu kuenea kwa njia hiyo ilikuwa ndogo, lakini hasara ilishawafikia wavuvi. Mwaka 1999 kukaja marufuku nyingine, safari hii kutokana na taarifa za watu kuvua kwa sumu ya wadudu. Hapo hapakuwa na cha kutetea. Nchi tatu za ziwa zilirudishwa sokoni moja baada ya nyingine, baada ya kuboresha mialo, ukaguzi na maabara. Maabara ya uvuvi ya Nyegezi, Mwanza, hupima samaki wa eneo hilo.

Sheria

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009. Zanzibar ina Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya mwaka 2010. Uvuvi wa baruti na wa sumu ni marufuku. Samaki wa baruti hupasuka viungo vya ndani, hivyo pia huoza upesi. Mwaloni, vikundi vya BMU husaidiana na maofisa uvuvi. Usimamizi wa chakula uliokuwa chini ya TFDA ulihamishiwa TBS mwaka 2019.

Mahali pasipo barafu: Eyasi

Eyasi ni ziwa la magadi lenye kina kifupi, ambalo hukauka sehemu kubwa katika miaka ya ukame na kutoa perege na kambale mvua zikiwa nyingi. Pasipo barafu, lililobaki ni kuvua kwa saa chache, kumkinga samaki na jua, kisha kumkausha, kumpaka chumvi, kumbanika kwa moshi au kumkaanga siku ileile. Kwa chumvi, kilo moja kwa kilo tatu za samaki ni kipimo kinachotumika sana. Kuanika kufanyike juu ya chanja, si mchangani, ili mchanga, nzi na kinyesi cha wanyama visimfikie samaki.

Katika bonde la Olbalbal, Wilaya ya Ngorongoro, linalopokea maji ya korongo la Olduvai, hakuna uvuvi, na Wamasai kwa desturi hawakuwa walaji wa samaki. Anayemnunua kwa mara ya kwanza sokoni Karatu atazame matamvua: yawe mekundu, si ya kahawia. Macho yawe yamejaa, na nyama ikibonyezwa irudi. Kwa samaki mkavu, dalili mbaya ni ukungu, unga wa wadudu na unyevu kwenye kiungo cha kichwa na mwili, sehemu ambayo kwa kambale hukauka mwisho.