Minyoo Bapa, Konokono na Samaki: Historia ya Juhudi za Kudhibiti Kichocho katika Ziwa Nyasa, kwa Kuangazia Ufuko wa Mbaha

Utangulizi

Minyoo bapa humsumbua mwanadamu katika mazingira yanayoonekana kutokuwa na uhusiano wowote. Mfugaji anayetunza matumbawe katika tangi la maji ya chumvi hupambana na minyoo bapa wadogo wanaoyafunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Huwanyonya kwa mrija, huingiza samaki wanaowala, au hutia dawa kisha akabadilisha maji kabla sumu ya minyoo waliokufa haijawaua viumbe wengine. Anafanikiwa kwa sababu tangi lina kuta nne, na yeye ndiye mwenye maji.

Mkazi wa Mbaha, katika Wilaya ya Nyasa iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga, anaishi kando ya maji yasiyo na kuta. Mnyoo bapa wa huku, Schistosoma haematobium, ndiye asababishaye kichocho cha mkojo. Insha hii inajenga hoja kwamba historia ya kumdhibiti mnyoo huyu ni historia ya kulitendea ziwa kana kwamba ni tangi, na kwamba jambo lililopuuzwa kwa muda mrefu ni nafasi ya samaki.

Kutoka maradhi hadi mzunguko

Theodor Bilharz alimtambua mnyoo huyu mjini Cairo mwaka 1851. Hata hivyo, njia anayotumia kumfikia binadamu ilifahamika mwaka 1915 tu, Robert Leiper alipothibitisha nchini Misri kwamba ni lazima apitie kwa konokono wa maji baridi. Mayai hutoka na mkojo wa mgonjwa na kuanguliwa majini. Kiluwiluwi humwingia konokono, huzaliana humo, kisha vizazi vyake hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevua. Minyoo waliokomaa huishi wawili wawili katika mishipa ya damu karibu na kibofu, kwa kawaida kwa miaka kadhaa.

Ugunduzi huo ulifungua njia mbili za mapambano: kumtibu mtu na kumuua konokono. Kuanzia mwaka 1918 wagonjwa walidungwa sindano za antimoni, tiba ya muda mrefu na yenye madhara mengi. Konokono nao walimwagiwa salfati ya shaba na, baadaye, niklosamidi. Dawa hizo zilifaa katika mifereji na mabwawa, lakini niklosamidi huua samaki pia. Kuimwaga katika ziwa linalolisha watu kungekuwa kuchoma nyumba ili kumfukuza panya.

Ziwa lililodhaniwa kuwa salama

Hadi miaka ya 1980, fukwe za wazi za Ziwa Nyasa zilihesabiwa kuwa hazina maambukizi. Sababu ilikuwa ya kimazingira: konokono aliyejulikana kubeba mnyoo huyu, Bulinus globosus, hupendelea maji yaliyotulia yenye majani, kama vile vijito, vidimbwi na ghuba zilizokingwa na mawimbi. Imani hiyo ilivunjika mwaka 1992, baada ya wafanyakazi wawili wa kujitolea kutoka Marekani waliokuwa Malawi kupata kichocho kilichofikia mfumo wa neva. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 1996, ulithibitisha kwamba maambukizi yalikuwa yakitokea ziwani kwenyewe. Inafaa kuzingatiwa kwamba wageni wawili ndio walioufanya ulimwengu uuone ugonjwa ambao watoto wa ufukweni walikuwa wakiukojoa pamoja na damu.

Utafiti katika Rasi ya Nankumba, kusini mwa ziwa, ulimtambua mbebaji mwingine, Bulinus nyassanus, anayeishi ndani ya mchanga wa fukwe za wazi. Mwaka 1997 Jay Stauffer na wenzake walitoa maelezo ya kihistoria: uvuvi uliokithiri katika maji mafupi ulikuwa umewapunguza samaki walao konokono, hasa Trematocranus placodon, na konokono wakaongezeka. Samaki huyu ni wa ukoo mmoja na mbuna, ambao tangu miaka ya 1960 husafirishwa Ulaya na Marekani kupamba matangi ya vioo.

Enzi ya kidonge

Prazikwanteli, iliyotengenezwa nchini Ujerumani katika miaka ya 1970, ilibadili mambo: tiba ikawa vidonge vinavyomezwa kwa siku moja. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio hatarini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kusaidiwa na mpango ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo cha Imperial, London. Shuleni, fimbo yenye alama za urefu ilichukua nafasi ya mizani katika kukadiria dozi.

Mafanikio yalikuwa makubwa, lakini yana mpaka. Prazikwanteli haiui vyema minyoo wachanga, wala haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho yake. Unguja na Pemba, mradi ulioanza mwaka 2011 uliunganisha vidonge, udhibiti wa konokono na elimu ya tabia. Maambukizi mazito yalipungua sana, ila mzunguko haukukatika. Ikiwa visiwani, penye vijito vinavyohesabika, hali ilikuwa hivyo, ziwa linalogawanywa na Tanzania, Malawi na Msumbiji, tena lenye mgogoro wa mpaka uliojitokeza wazi mwaka 1967, linadai zaidi ya kidonge.

Maana yake kwa Mbaha

Matokeo ya Nankumba hayapaswi kuhamishiwa Mbaha bila kupimwa, kwa kuwa fukwe na konokono hutofautiana. Vijito na maji yaliyotulia nyuma ya ufuko yana uzito wake katika uchunguzi wowote wa huku. Hata hivyo, fundisho la kihistoria linabaki. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinapiga marufuku kokoro, na kwa kawaida marufuku hiyo hutetewa kwa hoja ya kulinda mazalia ya samaki. Kokoro hukokota maji mafupi yale yale ambamo walaji wa konokono hujilisha. Kwa hiyo, suala hilo ni la afya pia. Lakini mvuvi aliyezuiwa kokoro bila kupewa zana mbadala hubeba peke yake gharama ya afya ya wote.

Hitimisho

Kila kizazi cha wataalamu kilishika kipande kimoja cha mzunguko: mgonjwa, konokono, kisha mgonjwa tena. Samaki aliachiwa idara ya uvuvi, na choo kikaachiwa kaya. Mwanamke anayefua nguo ziwani hawezi kuepuka maji kwa kushauriwa tu, anahitaji bomba. Hadi bomba, choo, kidonge na samaki vitakapopangwa katika mpango mmoja wa wilaya, watoto waliotibiwa shuleni asubuhi wataendelea kurudi jioni katika maji yale yale.