Chuo cha Kwanza na Chuo cha Pili: Mzazi wa Pwani na Elimu ya Juu Isiyofungamana na Dini

Miaka kadhaa iliyopita, siku ya kupokea wanafunzi wapya, baba mmoja aliyetoka Pangani na bintiye alinikuta mbele ya bweni la wasichana la chuo nilichokuwa nikifundisha. Walikuwa wamebeba tranka, yeye upande huu na binti upande ule, na juu yake godoro la sponji lililofungwa kwa kamba ya katani. Aliniuliza msikiti uko wapi. Akauliza nyama ya kantini anachinja nani. Akauliza geti la bweni linafungwa saa ngapi. Nilimjibu yote matatu. Akamtuma binti akakitazame chumba, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mwalimu, hapa mtanirudishia mwanangu?”

Sikuwa na jibu siku ile, na swali lenyewe silidharau. Nimelisikia kwa maneno mengine kwa wazazi Waislamu wa Tanga na Unguja, na kwa wazazi walokole wa Moshi na Mbeya. Wapo wanaolijibu kwa kuzuia: mtoto asiende chuo cha serikali, au aende lakini alale kwa shangazi, au achaguliwe chuo kilicho karibu ili baba apite kila Ijumaa, au asiende kabisa. Ninaandika juu ya wazazi wa Kiislamu wa pwani kwa sababu ndio ninaowajua kwa ndani. Hofu yao ina haki. Dawa waliyoichagua, hata hivyo, haina mizizi katika dini yao wala katika malezi ya pwani. Wazee wetu walijua kumweka mtoto ndani, lakini ndani kulikuwa na somo, na kulikuwa na siku ya kutoka.

Lugha yenyewe ina ushahidi. Katika Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu. Kisha neno likawa mahali panaposomwa kitabu, na kwa mtoto wa pwani mahali hapo palikuwa kibarazani kwa mwalimu wa Kurani. Mpaka leo bibi akisema mjukuu wake “yuko chuoni”, huna budi kuuliza umri wake. Mtoto wetu huenda chuoni mara mbili, akiwa na miaka mitano na akiwa na miaka kumi na tisa. Mjadala wa kumkinga huhusu safari ya pili peke yake, kana kwamba ile ya kwanza haina la kujibu.

Ni vizuri pia tukumbuke elimu isiyo ya dini iliingiaje huku. Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, waliitenga na mafundisho ya dini kwa makusudi. Walihitaji makarani na wakalimani, na vijana waliowataka walikuwa wa Kiislamu, ambao wazazi wao wasingewapeleka misheni. Wamisionari walilalamika sana. Kwa mzazi wa Tanga wa zama zile, basi, shule isiyofungamana na dini ndiyo iliyokuwa kinga dhidi ya ubatizo. Zanzibar nako, serikali ilipoanza shule zake mwanzoni mwa karne ya 20, wazazi wengi waligoma, na kilichowalegeza polepole ni kuona Kurani imeingia katika ratiba. Sehemu kubwa ya bara shule zilikuwa za misheni, zikipata ruzuku ya wakoloni, na mzazi Mwislamu aliachiwa achague kati ya ujinga na hatari ya kumpoteza mwanawe. Wengi walimzuia mtoto. Siwalaumu, maana mlango waliofunguliwa ulikuwa na masharti. Lakini bei ya kuzuia ilionekana wakati wa Uhuru, mwaka 1961, Waislamu walipokuwa wachache mno miongoni mwa wasomi kuliko walivyokuwa miongoni mwa wananchi, na manung'uniko yake hayajaisha.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza Oktoba mwaka huohuo kwa wanafunzi 13 wa sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kilikuwa mrithi wa wazo lile la Tanga: pasipo na dini rasmi, mwenye dini yoyote aingie. Panda Mlimani, kilipo chuo hicho leo, utaona msikiti na utaona kanisa. Utakuta vyama vya wanafunzi, MSAUD kwa Waislamu, CASFETA na vingine kwa Wakristo, na mihadhara yao hujaa pengine kuliko ile ya profesa. Mzazi anayedhani mwanawe anakwenda mahali ambapo Mungu hatajwi amechukua habari za Ulaya akaivika Dar es Salaam.

Kuna watu wawili ambao kila mjadala huu unapozuka hunijia akilini. Sheikh Abdalla Saleh Farsy (1912–1982), ambaye tafsiri yake kamili ya Kurani ya mwaka 1969 imo katika nyumba zisizohesabika za Waswahili, alipitia shule za serikali ya Zanzibar na kuwa mwalimu katika shule hizohizo, akichota elimu ya dini kwa masheikh wa mji. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Chuo cha kwanza na cha pili vilikutana ndani ya mtu mmoja, wala kimoja hakikumla mwenzake.

Wa pili ni Profesa Ali Mazrui, msomi wa siasa. Baba yake, kadhi Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alianzisha gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, na humo aliwakemea Waislamu wenzake kwa kuiga Wazungu mambo ya juujuu na kuacha yenye faida. Alimtakia mwanawe Al-Azhar. Alifariki mwaka 1947, Ali akiwa na miaka 14, na safari ya Cairo haikuwapo tena. Kijana alifanya ukarani katika taasisi ya elimu ya Waislamu Mombasa, akapata udhamini, akaenda Huddersfield, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, kisha Manchester alikohitimu mwaka 1960, kisha Columbia na Oxford. Fikiria malezi hayo kwa macho ya mzazi wa leo: yatima wa kadhi, peke yake, kwenye baridi, katikati ya watu wasiojua hata kibla kiko upande gani. Alikaa ughaibuni sehemu kubwa ya maisha yake. Masheikh walibishana naye mpaka mwisho, na mengine waliyobishania yalikuwa mazito, lakini walibishana naye kama mtu wa nyumbani. Alipofariki Marekani mwaka 2014 aliletwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya Wamazrui, karibu na Fort Jesus.

Msomaji ataniambia nimechagua mtoto wa sheikh. Naam, nimemchagua kwa sababu hiyo. Baba alikuwa na miaka 14 tu ya kumfunda, na hakujua kwamba ni 14. Aliyoyaweka humo ndiyo mwana aliyosafiri nayo.

Hapa ndipo neno kufunda linapostahili kutazamwa. Pwani, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani. Akawa mwali, na alikuwa na somo au kungwi wake. Huyo alimweleza mwili wake na mwili wa mwanamume, usafi, adabu, pa kunena na pa kunyamaza, na alimwambia waziwazi mambo ambayo mama mzazi aliona haya kuyatamka. Kisha siku ikafika, mwali akatolewa nje. Siitetei desturi yote. Wasichana wengi walitolewa ndani wakaingizwa katika ndoa wasizozichagua. Ninachokitazama ni mantiki yake: aliwekwa ndani kwa ajili ya kutoka. Mzazi wa leo ameuchukua ukuta, na kungwi amemwacha. Mama bado anaona haya, madrasa haimgusii mtoto mambo hayo, shangazi yuko Dubai. Anayebaki kumfunda binti ni simu, nayo imo ndani ya ukuta pamoja naye.

Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii ina upande wa pili ambao mvuvi anaujua: ng'onda hakunjwi. Ukilazimisha, anakatika. Kumwanzia malezi kijana wa miaka kumi na tisa kwa kumfungia mlango ni kumkunja ng'onda.

Sasa hatari zenyewe, maana zipo, na anayewaambia wazazi kwamba hazipo anawadanganya. Iliyo mbaya kuliko zote ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeifanya kosa la jinai. Novemba 2018, Rais Magufuli alipokwenda kuzindua maktaba mpya ya Mlimani, mhadhiri mmoja wa hapohapo alitoa kilio hadharani mtandaoni kwamba uovu huo umekithiri. Mzazi akisikia hivyo husema: hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaogopa.

Lakini tutazame uovu huu unavyofanya kazi. Mhadhiri huzuia alama, au humtisha binti kwa sapu, yaani mtihani wa marudio, au humwita ofisini saa ambayo korido zimekwisha kuwa tupu. Silaha yake si falsafa wala fikra za kukana dini. Anategemea binti awe amezoezwa kumtii mkubwa bila kuuliza. Anategemea aibu. Zaidi ya yote anategemea jambo ambalo mzazi mwenye kuzuia humtengenezea mwenyewe: binti anajua kwamba akisema nyumbani, hukumu ya kwanza itakuwa kuondolewa chuoni. Basi hasemi. Nimekaa na wasichana wa namna hii. Hofu yao kwa mhadhiri ilikuwa kubwa, na hofu yao kwa baba ilikuwa kubwa zaidi, kwa hiyo mhadhiri akapata muhula mzima wa kufanya atakavyo. Wala balaa hili halichagui chuo. Lipo popote penye mkubwa asiyeulizwa, hata penye jina la dini getini.

Hatari nyingine ni za kawaida mno, na wazazi hawaziulizi. Mabweni hayatoshi. Hata baada ya Mlimani kupata mabweni mapya yenye nafasi 3,840 mwaka 2017, bado wapo wanaopanga vyumba Changanyikeni, Msewe na Sinza, ambako swali la geti halina maana. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, huchelewa. Msichana aliyemaliza hela tarehe kumi, na ambaye kwao wameridhika kwamba “serikali inamlipia”, yuko katika mtihani ambao hotuba ya baba haimsaidii. Shilingi elfu thelathini zilizotumwa kwa wakati, bila maswali ya polisi, ni malezi.

Kuhusu fikra, sitaahidi nisichoweza kukitimiza. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha Mlimani kwa miaka kadhaa hadi 1974, na katika kizazi chake wapo waliosoma Marx mchana na kuswali magharibi kwa jamaa, na wapo walioacha kuswali. Wapo hata leo. Mtoto atakutana na swali ambalo ustadhi wake hakumwonyesha. Ninachokidai ni kwamba swali hilo si mali ya chuo. Litamfikia dukani, kazini, ndani ya ndoa, akiwa na miaka thelathini na mitano na watoto watatu, na pengine hatakuwa na mtu wa kumsikiliza. Bora limkute akiwa bado anapiga simu nyumbani. Nayo simu hiyo lazima ipokelewe na mtu anayeweza kusikia neno “sina uhakika” bila kuita kikao cha ukoo.

Na kuna dhuluma ambayo haisemwi wazi. Kinga hii haigawanywi sawa. Najua nyumba moja ambamo kaka alikaa geto Sinza miaka mitatu bila kuulizwa hata alipo, na dada yake, aliyempita kwa alama, akazuiwa kwa jina la stara. Kama chuo kinaharibu dini, kinaharibu ya wote wawili. Anayemzuia mmoja tu analinda sifa ya nyumba, na hilo alitaje kwa jina lake.

Vyuo vikuu vya dini navithamini: Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, Mtakatifu Agustino pale Nyegezi, na kile cha Chukwani kule Unguja. Vimeongeza nafasi na vimewapa wengi heshima ya kusoma bila kujieleza. Lakini vinadhibitiwa na mamlaka zilezile za serikali na wanafunzi wao wana simu zilezile. Kijana akivichagua mwenyewe, ni heri. Akipelekwa huko ili afungiwe, hatafungika.

Narudi kwa yule baba wa Pangani. Bintiye alipokuwa mwaka wa pili aligonga mlango wa ofisi yangu. “Shikamoo, Mwalimu.” Mkononi alikuwa na karatasi tatu, ujumbe wa simu aliokuwa ameuchapisha, wa mhadhiri wa somo ambalo sitalitaja. Nilimuuliza amemwambia nani kabla yangu. Akasema, “Baba.” Nikamuuliza kama hakuogopa kurudishwa nyumbani. Akasema siku ile ya tranka, kabla hajaondoka, baba alimketisha kwenye ngazi za bweni akamwambia: likikutokea lolote, nipigie mimi kwanza, sitakuja kukuchukua, nitakuja kukaa na wewe.

Alikuja. Alikaa siku mbili kwenye benchi nje ya chumba cha kamati, kofia yake imelala gotini, akisimama kila bintiye alipoitwa na kila alipotoka. Shauri lenyewe lilichukua miezi. Siku ya pili jioni alimkabidhi binti kikapu cha samaki wa kukaanga na mkate wa kumimina agawane na wenzake chumbani, akaniaga, akaenda stendi peke yake.