SOMO LA HISTORIA: SWALI LA BWANA MPEMBA

Wanafunzi wa Arusha mjini, wa Tengeru na wa vijiji vya Meru, fungueni madaftari yenu.

Maziwa ya moto na maziwa ya baridi yakitiwa pamoja katika jokofu, yapi yataganda kwanza? Wengi tutajibu: ya baridi.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyangoja yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa chache, naye akayatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yaliganda. Ya mwenzake, yaliyotiwa bila kuchemshwa, yalikuwa bado uji mzito.

Alimwuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa.

Baadaye alisoma Mkwawa, Iringa. Huko alifika Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mpemba akauliza tena, wenzake wakamcheka. Lakini Dakta Osborne aliahidi kulipima jambo hilo, akatimiza ahadi. Maji ya nyuzi 25 yalikawia kuanza kuganda kuliko maji ya nyuzi 90. Mwaka 1969 waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la Uingereza. Wakati huo Bwana Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyama karibu na Moshi, jirani zetu.

Kwa nini huwa hivyo? Maji yanayopoa hayatulii. Ya moto hupanda, ya baridi hushuka, mengine huwa mvuke. Mwaka huohuo wa 1963, huko Marekani, Edward Lorenz alichunguza mizunguko ya namna hiyo. Aliona kwamba tofauti ndogo sana mwanzoni huweza kuleta tofauti kubwa mwishoni. Ndiyo maana hakuna awezaye kutaja leo siku ya mvua ya Meru miezi miwili ijayo.

Wataalamu wangali wakibishana. Mwaka 2016 wengine huko Uingereza walipima maji wasilione jambo hilo. Mwaka 2020 wengine wa Kanada walilionyesha kwa chembe ndogo mno. Swali la kijana yule linaendelea kufanya kazi.

Basi, ndugu, mwenzako akiuliza darasani, usimcheke. Kuuliza si ujinga.

MASWALI
1. Kwa nini Mpemba hakungoja maziwa yapoe?
2. Dakta Osborne alifanya nini ambacho wengine hawakufanya?