Kifua kikuu katika wazee wa Rusizi

Kifua kikuu cha mzee mara nyingi huwa ni maambukizi ya ujana yaliyochelewa kuamka. Bakteria huweza kukaa kimya mapafuni kwa miongo mingi, hadi uzee, kisukari au lishe duni vipunguze kinga ya mwili. Mtu aliyezaliwa Cyangugu, ambayo sehemu yake leo ni wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, alikulia katika nchi isiyo na dawa ya ugonjwa huu, ingawa Robert Koch alikuwa amemtambua bakteria wake tangu 1882. Dawa ya sindano ya streptomaisini ilipatikana 1943. Hata hapo, tiba ilidumu mwaka mmoja na zaidi, na sindano hizo ziliweza kuharibu masikio na figo, viungo ambavyo kwa wazee vimekwishachoka.

Nafuu kubwa ilitokana na majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki na Zambia katika miaka ya 1970: dawa ya rifampisini ilifupisha tiba hadi miezi 6. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalisambaratisha huduma za afya nchini Rwanda, wahudumu wengi wakauawa au wakakimbia. Ili kuziba pengo hilo, mwaka 1995 nchi ilianza kuwatumia wajumbe wa afya wa vijijini, kwa Kinyarwanda abajyanama b'ubuzima.

Ugumu mkubwa ulibaki katika utambuzi. Mzee huenda asipate homa wala kutema damu. Hukonda, huchoka, hukosa hamu ya kula, na nyumbani husemwa ni uzee tu. Makohozi yake huwa machache, ilhali darubini huhitaji maelfu ya bakteria katika mililita moja ili kuwaonyesha. Kipimo cha GeneXpert, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, huwanasa wakiwa wachache zaidi na hutoa jibu kwa takriban saa 2, pamoja na kuonyesha usugu dhidi ya rifampisini.

Dawa nazo zahitaji uangalifu. Isoniazidi na pirazinamidi huweza kudhuru ini, ethambutoli macho, na rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kisukari na za kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo mgonjwa aeleze kila dawa anayotumia kabla ya kuanza tiba, na kikohozi cha mzee kinachozidi wiki 2 kipimwe, kisihesabiwe kuwa uzee.